Mzee Anagonga Fimbo Kila Nikiongeza Maji

Leo ni tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, na ni miaka minne na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani.

Shangazi mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijaharibu yote mawili, nyumba yangu na nyumba ya watu. Fundi bomba ninayelala naye chumba kimoja hufungia vifaa vyake kwa kurasa za gazeti lako, na mimi huzisoma kabla hajafunga, ndivyo nilivyokujua. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta nimekosea mahali usinicheke mbele za watu.

Kazi iliyonileta huku ni ya zege. Nachanganya, nabeba, namwaga. Mwaka wa pili tulipelekwa nyumbani kwa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, kuimarisha sakafu ya sebule yake, kwa sababu alitaka kuweka tangi la kioo refu kama kitanda cha watu wawili, na maji ni mazito kuliko watu wanavyofikiri. Mimi nilidhani ni la kuogea. Wenzangu walipoondoka mzee akaniita, akanitazama mikono, akaniuliza, "Kuchanganya unajua?" Nikamwambia zege nachanganya tangu nina miaka kumi na sita. Akasema, "Basi njoo unichanganyie bahari."

Nikadhani ananitania lakini hakuwa ananitania, Shangazi, kuna chumvi inauzwa kwenye mifuko kama saruji, unaitia kwenye maji yaliyochujwa, unakoroga mpaka yawe kama ya baharini, mimi nikawa mkorogaji. Tulitandika mchanga, tukapanga mawe ya baharini moja juu ya jingine bila udongo wala saruji, mzee amekaa kwenye kiti ananyoosha kidole, hilo kushoto, hilo ligeuze, acha upenyo hapo wa kupita maji. Tukajaza, tukawasha pampu na taa, halafu tukakaa wiki nzima na nyingine na nyingine tena tunatazama mawe. Nikamwuliza, "Mzee, samaki wako wapi?" Akajibu, "Nyumba kwanza, wageni baadaye." Akanieleza kwamba kwenye yale mawe kuna vidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu, na ukimwingiza samaki kabla havijawa vingi, atakufa kwa mkojo wake mwenyewe.

Hata samaki walipokuja hakukubali nifungue mfuko nimwage. Mfuko ulielea juu ya maji kwanza, kisha ukafunguliwa mdomo, kisha kikombe kimoja cha maji ya tangi kikaingia ndani, tukangoja, kikaingia kingine. Nikamwambia mzee, huyu samaki anapokelewa kama balozi. Akasema samaki si jiwe la kutupa majini, amezoea maji ya alikotoka, ukimtupa kwa ghafla moyo unasimama.

Basi nikapenda. Nasema kweli, mimi mtu wa kubeba zege nikapenda kitu kile. Matumbawe yalifunguka asubuhi taa ikiwaka kama viganja vya watoto wanaoomba kitu, kuna moja la zambarau, kuna la kijani, kuna kamba mmoja mwekundu aliyekuwa anatembea juu ya mawe kama mzee wa mtaa anakagua mitaro. Kuna samaki mweupe mwenye mapezi marefu kama shela, mzee akampa jina Bibi Harusi. Kazi tuligawana. Mimi nilikuwa na ndoo ya bluu, ya chumvi, kila Ijumaa natoa maji machafu kiasi naweka niliyokoroga. Yeye alikuwa na ndoo nyeupe, kila asubuhi anamimina kidogo kufidia yaliyokauka, na kupima chumvi kwa kipimo chake cha kioo. Ya ndoo nyeupe sikuwahi kuuliza. Ilikuwa kazi ya mkono wake.

Mwezi wa kumi kiharusi kikampiga. Upande wa kulia umekufa, na ulimi kikauchukua. Binti yake ni daktari wa meno, alihamia hapo kumuuguza, akaniambia, "Kaka yangu, mimi nayajua meno tu. Haya maji ya baba ni yako sasa, nakutegemea." Tangu siku hiyo nafika alfajiri kabla hajaenda kazini na ndoo zote mbili ni zangu.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Wiki ile ile ya kwanza nilikuwa naosha kile kipimo kwenye sinki kikaniponyoka, kikavunjika. Vipande nikavifunga kwenye gazeti nikavitupa, sikumwambia mtu, niliona mtu ana baba kitandani nisimletee habari za vioo. Nikaanza kuonja. Nachovya kidole, naonja, naona sawa. Na maji yalikuwa yanapungua kila siku, hewa na zile taa zinayanywa, nami nikafikiri bahari ikipungua inaongezwa bahari, nikawa nakoroga chumvi kila asubuhi naongeza, sikutaka kufanya uvivu. Mzee amewekewa kiti mbele ya tangi, ana fimbo mkono wa kushoto. Kila nikimimina anagonga sakafu. Anagonga, anatoa sauti ambayo si neno, ananitolea macho. Halafu anaelekeza fimbo kwenye ndoo nyeupe. Nikaona labda inamkera, inamkumbusha alivyokuwa mzima, nikaitoa nje nikaiweka karibu na mtaro. Nikarudi nikakuta analia, Shangazi. Mtu mzima, chozi la jicho moja.

Nadhani amenichukia. Nadhani anaona bahari yake inafia mikononi mwangu, maana inakufa. Matumbawe hayafunguki tena, yamefumba kama ngumi. Lile la zambarau limekuwa jeupe pembeni. Kamba nilimkuta amelala ubavu. Samaki wanahema haraka haraka, na Bibi Harusi ana siku kadhaa hagusi chakula. Na daktari wa meno ananiambia asubuhi baba yake akifumbua macho, kitu cha kwanza anageuza shingo upande wa tangi. Tangi likifa mzee atafuata, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Sasa hapo ndipo inapoingia nyumba yangu. Nilikuwa na likizo mwezi wa kumi na mbili, nauli wamenipa, begi limefungwa, nikaahirisha. Nikasema mwezi wa kwanza, nikaahirisha. Mke wangu akaniuliza kwa simu, "Baba watoto, unakuja lini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Bibi Harusi akianza kula."

Akasema polepole, "Bibi Harusi ni nani?"

"Samaki."

"Samaki."

"Samaki mweupe. Wa yule mzee. Ana mapezi marefu kama shela."

"Wanaume wengine," akasema, "hata wakidanganya huwa wanamheshimu mtu kidogo. Wanasema kazi, wanasema bosi kakataa. Wewe unaniambia samaki."

Nikampiga picha Bibi Harusi nikamtumia. Akanijibu maneno mawili: "Mzuri. Mwoe."

Fundi bomba anacheka mpaka anashika tumbo, jioni nikirudi ananiuliza, "Bwana Bahari, wamekupa ruhusa ya kulala?" Mimi sicheki. Wiki iliyopita mke wangu ameniambia hatauliza tena nitakuja lini. Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mke wangu akigomba mimi nalala vizuri, lakini akinyamaza silali. Na kitinda mimba wetu, niliyemwacha anatambaa, ndiye anayepokea simu siku hizi, anasema, "Mama, mtu wa simu." Lakini shida kubwa ni lile tumbawe la zambarau, maana weupe unapanda kila siku na mimi sijui nimekosea wapi, nimesafisha kioo, nimeosha pampu, nimebadilisha chakula, nimeongeza chumvi kidogo nikidhani labda imepungua nguvu, na nikiondoka hakuna anayejua hata kuwasha taa.

Nishauri, Shangazi. Niende nikaokoe ndoa, au nibaki nisije nikaua bahari ya mzee na mzee mwenyewe? Usiku nasikia ile fimbo hata nikiwa chumbani kwangu. Natarajia kurudi nyumbani mambo ya tangi yakikaa sawa.

Mimi, mchanganya zege.

SHANGAZI ANAJIBU

Mchanganya zege, bahati yako uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia siku barua ilipofika, maana samaki hawangoji gazeti litoke. Niliyokuambia siku ile nayarudia hapa kwa faida ya wengine, pamoja na mengine ambayo kwa simu ulikuwa unanikatiza.

Pole. Una moyo mzuri na mikono ya kazi. Sasa kaa chini nikuseme.

Nianze na samaki. Mimi sijafuga hata kuku, lakini nimepika maisha yangu yote. Ukisahau mchuzi jikoni ukakauka nusu, unauongeza nini? Maji. Na huo mchuzi uliokauka, ukiuonja kabla hujauongeza, ukoje? Umekolea chumvi kupita kiasi. Sasa kama ungeuongeza maji ya chumvi, ungeula na nani? Hewa ikinywa maji ya tangi lako, chumvi inaiacha pale pale. Maji ndiyo yanayoondoka. Wewe kila asubuhi umeongeza chumvi juu ya chumvi, miezi na miezi, kwa bidii, kwa sababu hutaki kuitwa mvivu. Na huo ulimi wako unaopimia, ulikuwa unazoea kila siku pamoja na maji. Ungekuwa umeonja mwezi wa kumi, halafu usionje tena mpaka leo, ungetema.

Usiniamini mimi. Nilikwenda kwa jamaa anayeuza samaki wa mapambo, nikaanza kumweleza, sijafika katikati akafumba macho akauliza, "Anaongeza ya chumvi?" Kumbe ni kosa la wengi.

Ndoo nyeupe ilikuwa ya maji matupu, mwanangu. Maji yaliyochujwa, hayana chumvi hata chembe. Mzee wako hakuchukii. Alikuwa anakufundisha. Amebakiwa na fimbo na mkono mmoja, na kwa hivyo viwili amekuambia kila asubuhi, "Siyo hiyo, ni ile pale," akakuonyesha na ndoo yenyewe, nawe ukaichukua ukaitupa mtaroni. Mimi pia ningelia.

Basi hivi ndivyo utakavyofanya. Kairudishe ndoo. Ioshe kwa maji bila sabuni, uiweke mbele ya miguu yake, uchuchumae macho yenu yawe sawa, umwombe radhi. Halafu umwambie: Mzee, tukubaliane, ukigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Aliyepoteza ulimi hajapoteza akili, na huyo alipima ardhi za watu miaka yote, tangi haliwezi kumshinda. Muulize kila kitu. Maji usiyabadilishe kwa pupa, ulichopandisha kwa miezi usikishushe kwa siku moja, utawamaliza waliobaki. Kidogo kidogo, huku mkipima. Na ili mpime unahitaji kipimo, kwa hiyo leo, kabla daktari wa meno hajavua viatu, mwambie kilivunjika na mwambie ulificha. Atakufokea. Fokewa. Kufokewa hakujaua tumbawe hata moja, kuficha kumeua kamba.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia kurasa za samaki, na ndani yake umefukia mstari mmoja: "Mama, mtu wa simu." Ukaupita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa, ukarudi haraka kwenye tumbawe la zambarau. Mimi sikuupita. Nimeusoma, nikaweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Nadhani unaogopa kwenda nyumbani. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili uliiahirisha kwa ajili ya tangi, haya. Ya mwezi wa kwanza pia ni ya tangi. Lakini ulikuwa na nafasi ya kumfundisha mtu tangu mzee alipoanguka, na hukumfundisha yeyote. Mbele ya kile kioo unajulikana, samaki wanakuja juu ukinyoosha mkono. Nyumbani kuna mtoto ambaye ukiingia mlangoni atajificha nyuma ya gauni la mama yake. Atajificha, nisikudanganye. Na wewe utasimama pale na begi lako hujui pa kuliweka.

Lakini hilo umekwisha kufundishwa, tena na mwalimu mzuri. Mfuko ukae juu ya maji kwanza. Kikombe kimoja, ungoje, kikombe kingine. Ukifika usidai kuitwa baba siku hiyo hiyo, wala usimnyakue mtoto umrushe juu kama wanavyofanya wanaume wenye haraka ya kusamehewa. Kaa naye chumba kimoja ukifanya kazi ndogo, tengeneza stuli, akuzoee harufu. Na uanze leo kwa simu. Akipokea, usimwambie ampe mama. Mwambie habari za kamba aliyekuwa anakagua mitaro. Mtoto gani anaikataa hadithi hiyo?

Daktari wa meno atajifunza tangi. Mtu anayeweza kuchimba jino la mtu aliye macho ataweza kumimina maji kutoka ndoo nyeupe. Mwalimu yupo, amekaa kwenye kiti, na fimbo anayo.

Mkeo amesema hatauliza tena. Basi wewe umwambie bila kuulizwa. Umpe siku na mwezi. "Mambo yakikaa sawa" si tarehe, mwanangu. Maji hukauka kila siku, na kila siku kuna mtu wa kuyaongeza, hakuna asubuhi tangi litakuambia sasa nenda. Tarehe kwanza, samaki baadaye. Na ukishaitaja usiahirishe hata kama Bibi Harusi atakupigia magoti.

UJUMBE ULIOINGIA KABLA YA GAZETI KWENDA MTAMBONI

Shangazi, ndoo nyeupe niliikuta pale pale mtaroni, nikaiosha, nikaifanyia kama ulivyosema. Nilipomimina mzee hakugonga. Nikamimina tena kidogo nikamtazama, fimbo imelala mapajani. Nikamuuliza, Mzee, ni hii? Akagonga mara moja.

Tumbawe la zambarau sidhani litarudi. La kijani limefunguka nusu. Bibi Harusi amekula.

Daktari wa meno alinifokea kwa ajili ya kipimo mpaka mpishi wa jirani akachungulia, lakini hakunifukuza, amenunua kingine. Anajifunza. Jana alishika ndoo ya bluu badala ya nyeupe, baba yake akagonga mara mbili, na mimi nikamwona mzee anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nyumbani nimepiga. Mtoto alipokea, nikamweleza habari za kamba, akauliza kama alikuwa na viatu. Kisha mama yake akachukua simu, nikamwambia tarehe kabla hajanisalimia. Nikasikia sauti ndogo ikimuuliza, "Mtu wa simu anasema nini?" Akaijibu, "Anasema anakuja. Tutaona."

Begi liko mlangoni, fundi bomba analiruka akitoka na akiingia. Narudi tarehe nne ya mwezi wa nne, asubuhi.